Maneno ya Mwisho ya Kombo

Kwa mara ya tatu tangu mazishi, Mshamu alimsimulia Bi Nyamvua jinsi mwanawe, Kombo, alivyokata roho hospitalini, huko ugenini walikofanya kazi pamoja.

"Alisema, 'Mwambie mama nampenda.' Kisha akatulia."

Bi Nyamvua aliacha kuchambua mchele. "Kombo hakuniita mama hata siku moja. Tangu mdogo aliniita Nyamvua, kama majirani. Mara mbili nimekuacha useme, mwanangu. Leo niambie kweli."

Mshamu aliinamisha kichwa. "Tuligombana. Alisema uji niliompelekea hauna sukari, na kwamba mimi bahili tangu tuko shule. Akageukia ukutani. Nikaenda kutafuta sukari. Niliporudi, alikuwa ameshakwenda."

Bi Nyamvua alicheka ghafla, mpaka machozi yakamtoka. "Huyo ndiye," alisema. "Huyo ndiye Kombo wangu."

Akajisogeza mkekani, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Hebu rudia ya uji. Sema kwa sauti yake, vilevile alivyosema."

Mshamu akakunja uso kama rafiki yake alivyozoea kuukunja, na Bi Nyamvua akafumba macho, akasubiri.