Taa za Nyumbani kwa Kilindo

Jua lote tumelizungushia vioo, hakuna nuru inayopotea, na bado taa za kila nyumba zinawaka kwa ari ya mwanamume wake. Pete kidoleni inampima. Akiwaza ushindi, zinang'aa. Akicheka na mkewe au akibembeleza mtoto, zinafifia, na majirani wanaona. Eti huu ndio ustaarabu.

Kwetu zilikuwa zikififia kila siku. Nilizoea kula na mume wangu Kilindo gizani, tukipapasa sahani huku tunacheka, mpaka jirani alipouliza mlangoni, "Mama Mishi, mumeo anaumwa, au ni katika wale walegevu?"

Kilindo alimsikia. Tangu hapo akawa anamsikiliza yule mwalimu wa wanaume anayefundisha mamilioni mtandaoni: mwanamume hapumziki, huruma ni tundu linalovuja. Taa zikawa kali hata nikatundika kanga juu ya kitanda cha Mishi ili apate usingizi.

Leo wifi yangu, dada yake Kilindo, alipiga simu, nikapokea mimi. Nilimfuata mume wangu kwenye kiti chake karibu na dirisha, nikamshika mkono wenye pete.

"Baba Mishi, mama ametutoka."

Aliinamisha kichwa. Mimi nikainua macho kwenye taa, nikiomba zizimike, hata moja tu.

"Mungu amlaze pema," akasema. "Wamzike wao. Mimi nina kazi."

Taa zikaongeza mwanga. Ng'ambo, dirishani kwake, jirani alitupungia mkono kutupongeza.