Jivu la Pangoni

Mzee Sakaya alisogeza majani, akampisha mzungu atangulie kuingia pangoni. Sifael, mkalimani, akabaki nje ameduwaa.

Miaka ishirini alikuwa akiomba kuonyeshwa pango la wazee. Kila mara jibu lilikuwa lile lile: mwanamume huonyeshwa siku anapotoka jandoni na rika lake. Yeye alitahiriwa hospitali ya misheni, peke yake kitandani, kisha akaenda zake Arusha mjini kuwa karani wa Waingereza. Hakujua hata pango liko upande gani wa korongo. Na leo baba yake mdogo anamwonyesha mtu aliyetoka Ulaya juzi!

"Unasimama nini? Ingia utafsiri," Sakaya alisema kwa Kimeru. "Au kiatu hicho kinaogopa vumbi?"

Wapagazi wakacheka. Sifael akaingia.

Mzungu alikuwa amepiga magoti penye mafiga matatu yaliyozungukwa na jivu. Sakaya alimwaga maneno bila kuulizwa. Babu zetu waliishi humu enzi za vita, alisema, juu ya genge kama mbayuwayu. Maji waliteka kule chini mtoni. Walinzi wao walikuwa kima wale waitwao mbega. Wakikoroma mchana, watu walijua kuna adui msituni. Moshi haukuwasaliti, maana ukungu wa mlima uliumeza.

"Muulize mifupa yao iko wapi," mzungu alisema.

Sifael akauliza, akiomba moyoni mzee akatae.

"Ipo. Achimbe hapo hapo chini ya mafiga."

Meru nzima ilijua habari za masanduku ya mzungu huyu. Alifukua mafuvu ya watu, akayafunga kwa pamba, akayapeleka Ulaya kwa meli. Na mzee huyu, ndugu wa damu wa marehemu baba yake, anagawa mababu kama ndizi mbivu!

"Anasemaje?"

Sifael alimtazama baba yake mdogo. Alikuwa ametulia tuli, viganja vyenye malengelenge vimelala juu ya fimbo. Basi Sifael akageuka, akajibu kwa Kiingereza, polepole, bila kunyoosha kidole:

"Anasema hapa walilala wachunga mbuzi tu. Wazee wenyewe waliishi ng'ambo ya mto, kwenye ule mwamba mwekundu, nyuma ya mizinga ya nyuki."

Aliuchagua mwamba ule kwa kuwa tangu utoto hakuona mtu akienda huko. Hata asali yake haikurinwa. Nyuki wale wakali mno, waliambiwa watoto, na wakaamini. Aende basi, aumwe, arudi mikono mitupu.

Mzungu alichota jivu, akalisugua kwa vidole, akalinusa. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa na shaka tangu mwanzo. Akaita wapagazi. Wakabeba majembe na masanduku, wakashika njia ya kuteremka.

Sifael aliketi juu ya jiwe.

"Umeniua, baba mdogo. Mgeni kabla ya mwanao! Na mifupa ya babu juu yake!"

Sakaya alicheka mpaka akakohoa.

"Shule yote ile, kunusa hawakukufundisha? Jivu hilo ni la Jumanne. Mimi na jirani yetu Resiato tumelichimba pango hili mpaka viganja vikachubuka. Fuvu lililo chini ya mafiga ni la nyani. Nilitaka aende nalo Ulaya wakaliamkie!"

Sifael akainama, akachota jivu, akalinusa.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Unakula mkate wao. Wazee walikaa, wakasema utatuuza." Mzee akaacha kucheka, akamshika bega. "Na mimi nilikubali. Nisamehe. Leo nimekuangalia, ulikuwa na uso wa mtu aliyefiwa. Rika au si rika, kesho nitakupeleka kwenye pango lenyewe. Utajifunika blanketi kichwani tu, maana mlangoni wale nyuki..."

Alikuwa akitazama bondeni.

"Sifael, mwanangu. Mbona wanavuka mto?"