Mashavu ya Ndeshi

Kwenye kompyuta ya duka la kuchapa, picha ya marehemu Ndeshi ilivutika ikajaza jalada zima la kijitabu cha mazishi. Uso uliokonda ukawa mpana, mashavu yakajaa.

"Imevutika, mama. Ngoja niirudishe ilivyokuwa," alisema Kisamo, mchapaji.

"Iache hivyo hivyo," mama mkwe wa marehemu alimkatiza. "Watu wasije wakasema kwangu alikuwa analala njaa."

Akasogea karibu na kioo.

"Ila hiyo mifupa ya shingo inaonekana. Weka jina lake hapo, liifunike."

Kisamo akaweka. Mashine ikaanza kutoa nakala, na katika kila moja Ndeshi alikuwa amenona, akitazama kama mtu anayesubiri kukaribishwa chakula.