Utambi wa Sifuri

Rula ya chuma ilimpata kwenye vifundo vya vidole, damu ikarukia ubaoni.

"Gawanya, we Sifuri. Utambi haukuonei huruma."

Yaani mwalimu wa baruti pale machimbo ya mawe alikuwa na imani moja tu: aljebra ni pambo, pembetatu ni porojo, lakini mlipuaji asiyejua kugawanya ni maiti inayotembea. Utambi una mwendo wake wa kuungua. Ukikosea hesabu ukaukata mfupi, mwamba unakulipukia mgongoni kabla hujafika kwenye handaki.

Na ukikosea darasani, unalipukiwa na yeye. Pacha wa Sifuri, kijana mpole usipime, alikosea swali moja tu; kofi likampasua ngoma ya sikio, akarudi kwao kiziwi.

Sifuri alibaki. Akafeli, akapigwa, akafeli tena, wenzake wakicheka eti kichwani mna maji matupu.

Siku ya mtihani wa mwisho kila mwanafunzi alikata utambi wake na kuufukia mwenyewe, ncha tu ikabaki nje. Mwalimu ndiye aliyewasha. Hakuwahi kuuliza urefu. Sifuri aliambiwa akikosea leo, anaondoka na mkono uliovunjika.

Ilipofika zamu yake, darasa zima lilimsihi mwalimu aufukue kwanza autazame. Akacheka. Alisema rula yake haijawahi kushindwa na kichwa cha mtu.

Akawasha, akageuka, akaanza kutembea kwa maringo yake yale.

Nusu ya njia hakufika. Mwamba ulipasuka, mawe yakamkuta mgongoni, kisha kichwani. Mguu mmoja waliuokota kwenye rundo la kokoto, kiatu bado kimefungwa kamba.

Wakubwa wa machimbo walimkuta Sifuri amekaa chini, anatetemeka, analia kamasi. Hakuna aliyemfokea. Walisema ni ajali, na marehemu kajitakia. Nani anawasha utambi wa mtu asiyejua kugawanya? Wakaagiza gari limrudishe kwao.

Rafiki yake wa bwenini, aliyekuwa akimfundisha kwa siri, alimsaidia kukunja nguo. Uvumilivu ukamshinda, akanong'ona:

"Mwenzangu, jana jioni si tuligawanya wote? Maswali yote ulipata."

Sifuri akafunga zipu ya begi.

"Hata la leo nimelipata, mwaya."