Ndimu ya Baraka

Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya sita na ya saba. Thenmozhi, aliyeiandikia programu, alibaki akiitazama ndimu iliyoning'inizwa juu ya vitufe siku lifti ilipobarikiwa. Ilikuwa imekauka, imesinyaa kama kisigino.

"Mwanangu, si ulisema ina akili?" mama wa ghorofa ya tisa, aliyekwama naye, alimkejeli. "Mbona imegoma kama punda wa dobi?"

"Itaondoka tu, mama."

"Tangu kuhani aiwashe hatujaizima hata dakika, tusije tukaita nuksi. Leo imepatwa na nini?"

Thenmozhi akakumbuka majaribio. Kule karakanani walikuwa wakiizima kila jioni. Programu ilihesabu kila sehemu ya elfu ya sekunde tangu lifti kuwashwa, na ikizimwa hesabu ilianza upya. Kwenye kompyuta ya mezani kwake namba ilikua bila kikomo, lakini kile kidude kinachoiendesha lifti kilikuwa na nafasi finyu ya kuweka namba. Zikitimia siku ishirini na nne na ushee, namba inajaa, inageuka kuwa hasi, na lifti inasimama papo hapo.

Akahesabu kwa vidole. Leo ilikuwa siku ya ishirini na tano.

Simu ikatetema mkononi mwake: mlinzi wa jengo la pili. Hajapokea, akaingia wa jengo la tano. Kuhani alikuwa amewachagulia saa ya heri, na lifti zote kumi na moja za majengo hayo ziliwashwa kwa pamoja.

"Pokea basi!" alisema mama. "Pengine ni fundi anakuja kututoa."

"Fundi ni mimi, mama."