Leo Unitafute Wewe

Siku hizi maiti huzikwa na simu yake, yenye betri isiyokwisha, ili waliobaki waendelee na mchezo wa kutafutana. Kila jioni Kokushubira hutoka na yake kwenda migombani. Kadiri anavyolikaribia kaburi la mumewe, ndivyo simu inavyozidi kulia. “Nimekukamata, Baba Alinda!” husema, kisha hurudi kuepua ndizi.

Leo magoti yamemgomea. “Mume wangu, leo unitafute wewe,” aliinong’oneza simu, akaiweka mezani.

Simu ikalia mara moja, ikanyamaza. Ikalia tena, halafu mfululizo, ikizidi kupaza sauti.

Alinda, binti yao, akakimbilia mlango aufunge.

“Uache wazi,” mama yake akasema, akiongeza sahani. “Tangu lini baba yako akabisha hodi kwake?”