Mazabodi ya Mzigo Ujao

Fundi alikuwa ameshang'oa feni na sasa anapuliza vumbi lililoganda juu ya mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, macho kayafumba nusu.

"Pole," msichana alisema kutoka kitini. "Hilo vumbi nadhani limenizidi umri."

"Vumbi si kitu, dada. Wagonjwa ni hawa." Kwa ncha ya bisibisi akamwonyesha vipande vitatu vya duara vilivyovimba vichwa. "Ndiyo maana inakuzimikia katikati ya kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa katuni. Kobe mwenye miwani anakwenda dukani kununua viatu, na kila siku anarudi mikono mitupu kwa kuwa bado anafikiria. Michoro yake ilikuwa imejaa ukutani. Fundi aliitazama akacheka, kisha akageuka kumwangalia baba wa msichana aliyesimama mlangoni, na kumbe miwani ni ile ile, shingo ni ile ile.

Mtaa mzima ulimwita Mzee Subiri. Dirisha lake la sebuleni lilikaa na magazeti mwaka mzima huku yeye akilinganisha vitambaa vya pazia. Binti yake aliomba baiskeli akiwa mdogo. Ilipofika, magoti yaligonga usukani.

"Lakini amebadilika," msichana alimwambia fundi, akijipapasa nywele zilizoanza kuota upya, fupi na laini kama za mtoto. "Wiki iliyopita ametoka kwa daktari na habari kwamba nimepona, kipimo safi, muhula ujao nirudi chuo. Mimi nipo nje kwenye benchi. Alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Tukapita dukani, akanyoosha kidole kwenye keki ya kwanza aliyoiona. Ya kwanza, fundi! Hata bei hakuuliza."

"Mzee, kumbe unajua kuchagua," fundi alisema.

Mzee alitabasamu, akavua miwani, akaanza kuifuta.

Fundi akafungua mkoba. Hakuwa mtu wa kumsukumia mteja kitu. Alipenda kuweka mambo yote mezani, kisha anyamaze.

"Mna njia mbili. Hapa ninayo mazabodi yenye chipseti ya zamani, kama hii yenu. Chipseti ndiye bawabu wa kompyuta. Yeye ndiye anayeamua prosesa ipi, yaani ubongo wa mashine, iingie na ipi ibaki nje. Huyu wa zamani ameshafunga mlango; hizi za leo ndizo za mwisho atakazozipokea. Zikishindwa na kazi yako, unatupa vyote. Njia ya pili ni chipseti mpya. Hiyo itapokea hata prosesa ambazo bado hazijatengenezwa. Bei zinakaribiana. Ila mpya sina. Ipo kwenye mzigo ujao, miezi minne hivi."

"Mpya," msichana alisema papo hapo. "Nitasubiri. Si nimerithi?"

Fundi akacheka, akachukua kifuniko cha kasha la kompyuta ili akirudishe.

"Weka hiyo uliyo nayo," baba alisema.

Wote wawili wakamgeukia.

"Hii ya zamani, mzee?"

"Leo inafanya kazi, haifanyi?"

"Leo inafanya. Lakini haina mbele."

"Basi weka."

Fundi alikwaruza shingo. Ubahili usingekuwa, maana bei alishazitaja. Labda mzee hakuelewa. Akaona si uungwana kumwuzia mtu kitu asichokielewa, akaanza upya, polepole, kwa mifano ya viatu vya mtoto: mtu ananunua vinavyopwaya kidogo ili mguu ukue ndani yake.

"Huyu ndiyo kwanza anaanza, mzee. Miaka mitano, kumi, bado anakuza mashine ile ile. Utamnunulia kiatu kinachombana tangu siku ya kwanza?"

"Nimekuelewa, fundi. Weka."

"Jamani! Leo Mzee Subiri ana haraka! Kuna treni inakuacha?"

Alicheka peke yake.

Baba alikuwa ameisogelea michoro ukutani. "Mama," alimwita binti yake, "hii filamu itaisha lini?"

"Miaka miwili, ikienda vizuri. Kobe hakimbii, baba."

"Ifupishe. Anunue tu viatu, arudi nyumbani."

"Aaa, hapo utakuwa umeua hadithi nzima."

"Ifupishe kidogo, mama."

Msichana aliacha kutabasamu, si mara moja. Fundi alimwona akimtazama baba yake kama fundi mwenyewe alivyokuwa akiitazama kompyuta muda mfupi uliopita, akitafuta ni kipande gani kimevimba.

"Baba, mazabodi ni ya kwangu. Nimesema nitasubiri. Miezi minne tu."

"Ni mingi."

"Wewe? Wewe unaona miezi minne ni mingi?"

Miwani ilikuwa bado mkononi mwa mzee, kioo kimeshang'aa, na kidole gumba kinaendelea kufuta.

Fundi alikuwa ameshafungua skrubu mbili za mazabodi mbovu. Ya tatu ilikuwa imeshika kutu. Akainamia kasha, akaegemeza nguvu kwenye bisibisi, na kusema kwa uchangamfu, ili kuwapatanisha, "Dada, msaidie mzee. Mwambie mlichoambiwa na daktari. Una maisha yote mbele yako."

Feni ilikuwa mezani, chali, nyaya zikining'inia.

"Fundi," msichana alisema taratibu, "acha hivyo hivyo. Utamalizia kesho."

Kisha akamgeukia mzee.

"Baba, daktari alisema miezi yangu hata minne haifiki?"